Jinsi ya kukaa kwenye baraza la mahakama bila kichwa chako kukutangulia

Siku ya kwanza ya kesi, kabla hata ya saa sita mchana, nilikuwa nimeshamtia mtu hatiani. Mwendesha mashtaka aliinua mfuko wa plastiki wenye mtaimbo ndani, akasema umetolewa kwenye buti la gari la mshtakiwa, nami nikasikia kitu kikijifunga kichwani kama boneti inavyobamizwa. Huyu huyu. Zilikuwa zimebaki siku tatu za ushahidi, na upande wa utetezi ulikuwa haujafungua kinywa.

Mimi ni fundi magari. Miaka 19 ya gereji imenipa ugonjwa mmoja: mteja akiingia na gari linalolia, nataka kutaja kilichoharibika kabla hajazima injini. Mara nyingi napatia, na ndiyo maana ugonjwa wenyewe hauponi. Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa akinigombeza, "Gari halijasema, wewe umeshajibu." Nilimsikia tena siku ile, nimekaa kiti namba 9, kalamu mkononi, nikiwa sijaandika hata neno.

Kama umeitwa kuwa mzee wa baraza katika kesi ya jinai, haya nayaandika kwa ajili yako. (Mimi nilikuwa na miaka 41 na waliniita mzee hivyo hivyo. Utazoea.) Nazungumzia mfumo ambao wazee wa baraza hawamshauri jaji. Wao wenyewe ndio wanaoamua kama kosa limethibitishwa, na jaji anabaki na sheria. Nilikokaa mimi, uamuzi ukishatolewa mtu yuko huru kusimulia yaliyotokea chumbani. Uingereza kufanya hivyo ni kosa la jinai, kwa hiyo uliza kwanza kabla ya kunifuata kwenye hili. Nimebadilisha pia mambo kadhaa ya kesi ili mtu yeyote asijulikane.

Kesi yenyewe, kwa ufupi: ghala la vifaa vya ujenzi lilivunjwa usiku, mashine kadhaa zikaibwa. Mshtakiwa, seremala, alishtakiwa kwa makosa mawili: kuvunja ghala na kuiba, na kupatikana na mali ya wizi. Ushahidi ulikuwa mtaimbo wa kwenye buti, mashine ya kutobolea iliyokutwa nyumbani kwake, mlinzi aliyemtambua, simu yake kuonekana kwenye mnara wa eneo lile usiku ule, na kwamba polisi walipomwita barabarani alikimbia.

Ukisoma orodha hiyo, jiangalie. Umeshaamua?

Pima kichwa chako kabla ya siku yenyewe

Wakati wa kuchagua wazee, mawakili walituuliza mengi. Umewahi kuibiwa? Una ndugu polisi? Unamfahamu mshtakiwa? Maswali ya haki kabisa, ila yote yalitafuta chuki na undugu. Hakuna aliyeuliza namna ninavyofika kwenye "nimeelewa", na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu watu 12 wasio na chuki yoyote wanaweza kusikiliza ushahidi uleule na kutoka na picha 12 tofauti.

Jaribu hili. Gongo la kupigia mpira na mpira wenyewe kwa pamoja vinauzwa shilingi 110. Bei ya gongo imeizidi ya mpira kwa shilingi 100. Mpira ni bei gani?

Jibu linalokuja lenyewe ni 10. Lakini mpira ukiwa 10, gongo lililouzidi kwa 100 ni 110, na jumla inakuwa 120. Jibu ni 5. Swali hili ni mojawapo ya matatu aliyoyachapisha mtafiti Shane Frederick mwaka 2005 kupima kama mtu huwa analirudia jibu lake la kwanza au analiacha lipite. Kukosa si ujinga. Mimi nilisema 10, tena kwa sauti. Ukisema 10 na wewe, chukua habari hiyo kama fundi anavyochukua habari kwamba jeki yake inavuja: bado unaweza kuitumia, lakini hulali chini ya gari bila kuweka stendi.

Kipimo cha pili sina namba zake. Ni cha kujiuliza. Je, jambo likibaki bila jibu unakosa raha? Mtu akikujibu "inategemea", unakereka? Ukishachagua, unachukia mtu anayerudisha mjadala nyuma? Mwanasaikolojia Arie Kruglanski na wenzake waliichunguza kwa miaka hali hii, hamu ya kulifunga shauri. Mwaka 1993 walichapisha majaribio ambamo watu walijadiliana kesi wawili wawili, na matokeo yake yalinishtua, kwa sababu nilidhani watu wa namna yangu ni wabishi tu. Mwenye hamu kubwa ya kufunga, akiwa ameshapata msimamo, kweli habanduki. Lakini akiingia mikono mitupu, bila habari za awali, anakuwa mwepesi kuliko wengine kuchukua msimamo wa mwenzake. Maana yake ni kwamba anashika kilichomfikia kwanza, chake au cha jirani, ilimradi shauri liishe.

Hamu hii haiko kwa watu fulani pekee. Kelele huipandisha, uchovu huipandisha, haraka huipandisha. Hapo kuna jambo la kufanya ambalo halihitaji elimu yoyote: lala mapema wakati wa kesi, kula, omba mapumziko unapoanza kusikia maneno bila kuyasikiliza, na usikubali kura ipigwe saa ya mwisho ya siku ya mwisho ya wiki. Kwetu kuna mtu alikuwa na basi la kuwahi. Nampenda, lakini basi lake lilikaribia kuwa shahidi wa nane.

Kuna kundi la tatu, watu wanaopenda kufikiri kwa raha yake tu, ambao John Cacioppo na Richard Petty walitengenezea kipimo mwaka 1982. Hawa huwa wanasikiliza zaidi hoja yenyewe kuliko sura na suti ya anayeitoa. Kama uko kundi hili usijisifu upesi. Mtu mwerevu akikosea njia mwanzoni, huenda mbali zaidi kabla ya kugundua.

Daftari la safu tatu

Kwenye gereji yangu kila gari lina kadi ya kazi yenye sehemu tatu: mteja amesema nini, fundi ameona nini, fundi anadhani nini. Kijana mpya huwa anaichukia kadi hii. Anaandika "beringi ya tairi la mbele imekufa" kwenye sehemu zote tatu. Namrudisha. Mteja hakusema beringi, amesema gari linavuma likifika mwendo wa 80. Wewe umeona nini? Umelinyanyua? Umelizungusha tairi kwa mkono?

Jioni ya siku ya kwanza ndipo nilipokumbuka kadi. Asubuhi yake nikachora mistari miwili kwenye daftari la mahakama, nikapata safu tatu: shahidi amesema, nimeona mwenyewe, yaani kielelezo, picha, video, na mimi nimeongeza. Safu ya tatu ndiyo dawa.

Nitakueleza kwa nini. Nancy Pennington na Reid Hastie walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba wazee wa baraza hawajumlishi ushahidi kama muuza duka anavyojumlisha bei. Wanatengeneza hadithi. Palipo na pengo wanalijaza kwa uzoefu wao wa maisha, kisha wanatafuta ni uamuzi upi unaoikaa ile hadithi vizuri. Katika jaribio lao la 1988 walitumia kesi moja ya mtu aliyemchoma mwenzake kisu, na ushahidi uleule wakaupanga kwa namna tofauti. Ushahidi wa mashtaka ulipofuata mtiririko wa hadithi na wa utetezi ukatawanyika shahidi kwa shahidi, 78% ya washiriki walimtia mtu hatiani. Walipogeuza, hadithi ikawa kwa utetezi, wakabaki 31%. Hakuna ushahidi ulioongezwa wala kupunguzwa. Ni mpangilio.

Unapokaa pale kizimba kiko mbele yako, mwendesha mashtaka anaanza, "Ilikuwa saa nane usiku, mvua imekatika…" Anakupa hadithi iliyoiva. Wakili wa utetezi mara nyingi hana hadithi. Ana matobo ya kutoboa kwenye ya mwenzake. Mtu ambaye kichwa chake kinapenda hadithi ataona upande mmoja una maana na mwingine una kelele, naye ataita hisia hiyo "ushahidi mzito".

Hivi ndivyo ukurasa wangu ulivyokuwa baada ya mlinzi kutoa ushahidi. Shahidi amesema: mtu mrefu, koti jeusi, anaruka uzio. Nimeona mwenyewe: picha ya uzio, taa moja, iko upande wa lango. Mimi nimeongeza: kwamba alikuwa na mtaimbo mkononi.

Niliisoma mara mbili. Mlinzi hakutaja mtaimbo hata mara moja. Mkono wangu ndio uliompa yule mtu mtaimbo, kwa sababu nilikuwa nimeshauona kwenye mfuko wa plastiki. Nakiri nilitoa jasho.

Andika kwa ufupi, lakini andika safu ya tatu kila shahidi anapomaliza, usingoje jioni. Jioni zile safu zimeshachanganyika. Kama mahakama yako hairuhusu kuandika, jiulize tu shahidi anaposhuka: nimetia nini changu humu?

Jenga hadithi ya pili kwa vifaa vilevile

Hapa ndipo pa kukaa zaidi, na ndipo wengi wanaponyoosha mkono na kusema wanajua tayari. Wanajua kwamba "kuna pande mbili". Kujua hivyo hakusaidii chochote. Lazima uijenge.

Mwaka 1994 Deanna Kuhn, Michael Weinstock na Robin Flaton waliwasikiliza watu wakieleza walivyofikia uamuzi wa kesi. Waligundua mikondo miwili, na wengi wetu tuko mahali fulani kati yake. Upande mmoja kuna mtu anayechukua hadithi moja, anachagua ushahidi unaoifaa, anatosheka. Upande wa pili kuna mtu anayeshika hadithi zaidi ya moja, anauliza kila ushahidi unaegemea wapi, na anakumbuka pia ule unaoipinga ile anayoipenda. Kundi la kwanza ndilo lililoelekea zaidi kuchagua uamuzi uliovuka mno upande mmoja au mwingine, na ndilo lililokuwa na uhakika zaidi. Jambo hili liweke mfukoni: uhakika wako haupimi ushahidi. Unaweza kuwa unapima tu kwamba umeacha kutafuta.

Usiku wa siku ya pili (usijadili kesi na mtu yeyote nyumbani, ila kufikiri hawajakataza) nilijilazimisha kutengeneza hadithi ambamo seremala hakuvunja ghala. Nilijiwekea masharti mawili. La kwanza, hakuna ushahidi unaotupwa. Kila kipande lazima kiingie. La pili, niitetee kama ninavyotetea bei kwa mteja mgumu.

(Mlinzi nitamrudia mbele.) Mtaimbo: seremala anabomoa na kung'oa mbao kila siku, angekosa mtaimbo ndipo ningeshangaa. Simu kwenye mnara: anaishi eneo hilohilo, kwa hiyo simu yake iko kwenye mnara huo usiku wa wizi na usiku wa jana yake pia. Kukimbia: alikuwa na faini za barabarani hajalipa, na hilo lilithibitishwa kwa karatasi. Mashine ya kutobolea: aliinunua kwa mtu asiyemjua, pesa taslimu, bila risiti, kwa bei ya kutupa.

Kipande cha mwisho kiligoma. Vitatu vya kwanza viliingia kwenye hadithi ya pili bila kusukumwa, vikanifundisha kwamba havikuwa vikithibitisha kitu: ushahidi unaokaa sawasawa kwenye hadithi zote mbili hauna uzito, hata uwe wa kutisha vipi ukiuona mezani. Mashine ya kutobolea nayo iliingia, lakini iliingia na doa. Fundi anayejua bei ya vifaa akiuziwa mashine kwa bei ile na mtu wa pembeni ya barabara, anajua. Hadithi ya pili ilimsafisha kwenye uvunjaji, ikamchafua kwenye kosa la pili. Kama ningebaki na hadithi moja nisingeona kwamba makosa mawili yanatenganishika.

Zingatia pia kwamba hadithi inayoongoza huwa inavuta. Kurt Carlson na Edward Russo walionyesha mwaka 2001 kwamba wazee wa baraza huusoma ushahidi mpya kwa kuupendelea upande ambao kwa wakati huo unaonekana kushinda, hata kabla hawajaamua. Kwa hiyo ukipata shahidi wa tano, mpime kana kwamba ndiye wa kwanza kuingia. Mimi nilifungua ukurasa mpya kila mara na kuficha ule wa nyuma kwa mkono, kama mtoto anayezuia mwenzake kunakili.

Mashahidi watatu wa kuangaliwa kwa jicho la pili

Kuna watu wanaofikiri kwa nyuso. Wanamwangalia shahidi machoni na kusema, "huyu hasemi uongo", na huenda wako sahihi. Tatizo ni kwamba shahidi mkweli anaweza kuwa amekosea. Ronald Cotton alitiwa hatiani Marekani mwaka 1985 kwa ubakaji, na mwathirika alikuwa mwanamke aliyejitahidi kuikariri sura ya mshambuliaji ili aje kumtambua. Alikuwa mkweli na alikuwa na uhakika. Mwaka 1995 kipimo cha DNA kilionyesha kwamba mhalifu ni mtu mwingine, na Cotton alikuwa ameshakaa gerezani zaidi ya miaka 10. Uhakika alionao shahidi mbele yako umeshapitia mengi: picha alizoonyeshwa, maneno ya polisi baada ya kuchagua, miezi ya kurudia maelezo. Sikiliza alisema nini mara ya kwanza kabisa, na kwa maneno gani. Mlinzi wetu kizimbani alisema "sina shaka hata chembe". Kwenye maelezo yake ya usiku uleule, yaliyosomwa na wakili wa utetezi kwa sauti ya kuchosha kiasi kwamba wenzangu wawili walikuwa wanapiga miayo, alisema "sikumwona vizuri usoni".

Shahidi wa pili ni namba. Wako wanaozikimbia na wako wanaozisujudia, na wote wawili hupotea. Sally Clark, mama wa Kiingereza aliyepoteza watoto wawili wachanga, alitiwa hatiani mwaka 1999 kwa kuwaua, baada ya daktari kuiambia mahakama kwamba uwezekano wa vifo viwili vya ghafla katika familia kama yake ni 1 kati ya milioni 73. Namba hiyo ilipatikana kwa kuchukua 1 kati ya 8,543 na kuizidisha kwa yenyewe. Hapo fundi yeyote angeinua mkono. Tairi mbili za mbele zikilika upande mmoja, huwezi kusema ni bahati mbaya mara mbili. Kuna kitu kimoja kinachozila zote. Watoto wa mama mmoja wana damu moja na nyumba moja. Kisha kuna kosa la pili, lenye hila zaidi: hata vifo viwili vya kawaida vikiwa adimu, mama kuua watoto wake wawili nako ni adimu, kwa hiyo ni lazima ulinganishe adimu na adimu, siyo kuitazama moja peke yake na kushtuka. Chama cha Kifalme cha Takwimu cha Uingereza kilipinga hesabu ile mwaka 2001, na mama yule akaachiwa mwaka 2003 katika rufaa yake ya pili, baada pia ya kujulikana kwamba kulikuwa na majibu ya maabara ambayo utetezi haukupewa.

Shahidi wa tatu ni wewe mwenyewe na ufundi wako. Mtaalamu alisema alama za mlangoni "zinalingana" na mtaimbo ule. Mimi nilijua papo hapo kwamba neno hilo ni jepesi: spana namba 10 inalingana na kila nati ya namba 10 duniani. Kutumia akili ya kawaida namna hiyo inaruhusiwa. Lakini ukianza kuwaambia wenzako chuma fulani hukunjika vipi kwa nguvu kiasi gani, umeshakuwa shahidi ambaye hakuna wakili aliyepata nafasi ya kumhoji. Nilijizuia. Mara moja sikujizuia, na mwenyekiti wa baraza akanikata kauli kwa adabu.

Ukiambiwa usahau

Askari mmoja aliponyoka na kusema mshtakiwa "tunamfahamu toka zamani". Wakili akaruka, jaji akatuagiza tulipuuze. Haiwezekani kusahau kwa amri. Jaribu kutomfikiria fisi sasa hivi. Saul Kassin na Samuel Sommers, mwaka 1997, waliona kwamba wazee wa baraza hulipuuza jambo kwa urahisi zaidi wakiambiwa si la kuaminika, kuliko wakiambiwa limepatikana kinyume cha sheria. Kwa maneno mengine, tunaona tunaitendea haki kesi kwa kuuhifadhi "ukweli" ambao sheria imeukataza. Mimi sikuandika maneno ya askari. Niliandika "limefutwa", na mwisho nilipoorodhesha sababu zangu niliuliza kila moja: ungesimama kama yule askari angekuwa bubu?

Chumbani

Msianze kwa kura. Kama huna nguvu ya kuzuia kingine chochote, zuia hicho. Hastie, Steven Penrod na Pennington walieleza mwaka 1983 aina mbili za mabaraza: yanayoanza na kura, ambapo kila mtu huzungumza kutetea upande aliokwisha kuusema hadharani, na yanayoanza na ushahidi, ambapo kura inachelewa. Na katika utafiti mkubwa wa Harry Kalven na Hans Zeisel uliotoka mwaka 1966, wingi wa kura ya kwanza ndio uliokuwa uamuzi wa mwisho katika takriban kesi tisa kati ya kumi. Kura ya kwanza, basi, siyo ya kuonja. Ndiyo chakula chenyewe.

Nilipopendekeza tuchelewe, mwenye basi aliguna. Tukakubaliana tuzunguke meza, kila mtu ataje ushahidi mmoja tu, bila kusema unamfanya aamue nini. Ilichukua dakika 40. Katika dakika hizo niliona vichwa vya wenzangu kama ninavyosikia injini, na nikajifunza kuzungumza na kila kimoja kwa lugha yake. Mama mmoja aliyekuwa muuguzi alitaka orodha. Ukimpa hadithi anasema "hiyo ni yako". Kijana wa viti vya nyuma alihitaji hadithi, ukimpa orodha anaangalia dirishani, lakini ukimwambia "tuanze jioni ile, yuko wapi?" anarudi mezani. Kulikuwa na mzee, huyu mzee kweli, aliyesema tangu mwanzo "moyo wangu unaniambia". Usimcheke mtu wa namna hii. Muulize moyo ulianza kumwambia saa ngapi, shahidi gani alipokuwa anazungumza. Yeye alifikiri sana, akajibu: pale seremala alipocheka. Basi tukawa na kitu cha kujadili, kwa sababu seremala alicheka wakili alipomwangushia faili, na wote tulikuwepo.

Kuhusu walio kimya: katika majaribio maarufu ya Solomon Asch ya miaka ya 1950, watu walifuata jibu la kundi lililo wazi kabisa kwamba ni kosa karibu theluthi ya mara zote, lakini akiwepo mwenzao mmoja tu anayetoa jibu sahihi, kufuata huko kulishuka sana. Kwa hiyo mtu akisema wasiwasi wake peke yake, hata kama hukubaliani naye, sema "rudia hilo, nataka kulielewa". Hiyo inatosha kumfanya asimeze maneno.

Kuhusu kipimo cha "pasipo shaka ya msingi", yaani uhakika unaotakiwa kabla ya kumtia mtu hatiani, tulikwama saa nzima. Mwenye hamu ya kufunga anataka asilimia. Jaji hatakupa. Sisi tulimwandikia barua, akatusomea maneno yaleyale aliyotusomea mwanzo, polepole zaidi. Kilichonisaidia ni kurudi kwenye hadithi ya pili: je, bado imesimama baada ya ushahidi wote, na sababu zake ninaweza kuzitaja kwa ushahidi, siyo kwa "huwezi kujua"? Kwa kosa la kwanza ilikuwa imesimama. Kwa la pili hakuna aliyeweza kuisimamisha, hata muuguzi aliyejaribu kwa moyo wote.

Kura yetu ya kwanza kwa kosa la kuvunja ilikuwa 8 kwa 4, na mimi nilikuwa miongoni mwa wale wanne, upande ambao siku ya kwanza nisingeukalia hata kwa kulipwa. Tulirudi kwenye maelezo ya mlinzi mara tatu. Mwenye basi ndiye aliyebadilika wa kwanza. Alikuwa amelikosa tayari na hakuwa tena na haraka.

Jiandae kwa jambo moja la mwisho ambalo hawakuambii mapema. Baada ya mwenyekiti kusoma uamuzi, wakili anaweza kuomba kila mzee aulizwe mmoja mmoja kama huo ndio uamuzi wake, na utajibu kwa sauti, mshtakiwa yuko hatua chache mbele yako anakuangalia. Usiku wa kuamkia siku hiyo kaa na sababu zako, zitamke. Karani alipofika namba 9, seremala alikuwa ameinamisha kichwa. Nilisema ndiyo kwa kosa la kwanza, hana hatia. Ndiyo kwa la pili, ana hatia. Kisha wakakusanya madaftari yetu yote kwenye sanduku, na langu likaenda na mistari yake miwili.